Fundi Anajibu: Donkey Kong, springi za steji ya lifti na raundi ya 22

*Fundi hujibu maswali ya wasomaji kuhusu mashine za zamani: redio, kinanda, cherehani, gemu na nyinginezo. Safari hii barua 3 zimeangukia mashine moja, nami nimeziweka pamoja.*

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mama wa miaka 52, mkaazi wa Buruburu. Nikiwa darasa la saba, kaka yangu alikuwa akinipeleka mjini Jumamosi kwenye chumba cha mashine za gemu. Yangu ilikuwa Donkey Kong, ile ya sokwe anayempandisha binti juu ya jengo na seremala anamfuata akiruka mapipa. Juzi mpwa wangu ameinunua kwenye Switch yake, ile mashine ya gemu ya kisasa ya Nintendo, akanipa nicheze. Steji ya mapipa napita. Ya ribiti napita kwa taabu. Lakini raundi ya pili, kwenye lifti na zile springi, nakufa, nakufa tena. Kijana anasema gemu yenyewe ilitengenezwa ili kula pesa tu, haina haki, na kwamba niwe nahifadhi mchezo kila hatua nikifa nirudi papo hapo. Nataka kujua: ni vidole vimezeeka au mashine inanionea? Pia, watoto wangu walikuwa na gemu ya televisheni miaka ya tisini, na Donkey Kong ilikuwamo, lakini steji ya mikanda inayobeba saruji sikuiona kamwe. Je, niliiota?

JIBU: Dada yangu, hukuiota, na vidole vyako viache kwanza. Tuanze na kitu ulichoshika mkononi.

Mashine ya Donkey Kong iliyotoka kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1981 ina joistiki ya pande 4: juu, chini, kushoto, kulia. Basi. Chini ya mpini kuna kipande kilichokatwa makusudi ili mpini usiende mshazari. Nimevifungua na kuvisafisha vipande hivyo kwa miaka, maana ndivyo vilivyokuwa vikilika kwanza katika mashine nilizozihudumia hapa mjini. Kijiti cha kidole gumba kwenye Switch kinazunguka pande zote. Unakimbia kulia, unafika chini ya ngazi, unasukuma juu, lakini kidole kinapitia mshazari kabla ya kufika juu. Gemu hii haijui mshazari. Seremala anasitasita chini ya ngazi kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha pipa kumfikia. Chini ya kijiti, upande wa kushoto, pana vitufe 4 vilivyotengana. Tumia hivyo. Utahisi tofauti siku hiyo hiyo.

Halafu televisheni. Skrini ya mashine ya zamani ilionyesha unachofanya papo hapo. Televisheni bapa za leo huichukua picha, huilainisha na kuipamba, ndipo ziitoe, na kazi hiyo hula muda. Kwenye menyu yake tafuta mpangilio wa gemu, uuwashe, upambaji huo unazimwa. Kama hauna, cheza kwenye skrini ya Switch yenyewe.

Ukishamaliza hayo mawili, ndipo tuzungumze juu ya haki.

Kijana wako amesema kweli nusu. Ndiyo, ilitengenezwa ili kula pesa. Mwenye chumba alitaka utumbukize sarafu, ufurahi kidogo, ufe, utumbukize nyingine. Kwa kawaida unaanza na maisha 3, na mashine haikupi nafasi ya kuendelea pale ulipofia. Lakini kusema haina haki, hapo namkatalia kwa moyo wangu wote. Mimi nimekaa nyuma ya mashine hizi na mbele yake, na sijaona gemu yenye sheria zinazoshikika kama hii. Kila unapokufa unaweza kusema kwa nini umekufa, na mara ijayo ukalizuia hilo hilo.

Chukua mapipa. Watu wengi hudhani pipa likifika kwenye ngazi linaamua lenyewe kushuka au kupita. Bahati imo, ndiyo, lakini haiko peke yake. Pipa ambalo limeshafika kimo chako au limekwisha kukupita kwenda chini halishuki ngazi tena. Na lile lililo juu yako linaangalia joistiki yako: ukiisukuma kuelekea upande lilipo, uwezekano wa kushuka ngazi unaongezeka. Unaona maana yake? Yule anayekimbilia mapipa kwa pupa ndiye anayeyaita kichwani mwake. Kulikuwa na makanga mmoja wa njia ya Eastleigh aliyekuwa akija mchana gari likiwa kwenye foleni ya abiria. Watoto walimcheka kwa sababu alikuwa anasimama. Anapanda mhimili mmoja, yaani sakafu moja ya lile jengo, anasimama, anaachia joistiki kabisa, anatazama juu, halafu ndipo anakwenda. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya programu. Aliisoma mwenyewe kwa macho, na jina lake la herufi 3 ndilo lililokaa juu kwenye skrini hadi mashine inapozimwa jioni.

Hata hivyo usisimame mno. Kadiri unavyokawia kwenye steji ndivyo mashine inavyozidi kukaza, na saa ya bonasi inateremka. Ikifika sifuri umekufa.

Nyundo nayo ina mtego wake. Ukiishika huwezi kuruka wala kupanda ngazi mpaka iishe. Inakupa alama 300, 500 au 800 kwa pipa unalolivunja, hivyo inavutia, lakini ukiichukua wakati mbaya itakufunga kwenye mhimili mmoja huku saa ikienda. Kwa mtu anayetaka kupita steji tu, nyundo nyingi ni bora kuziacha kuliko kuzichukua.

Sasa adui yako mwenyewe, steji ya lifti. Hapa hakuna nyundo hata moja. Lifti za kushoto zinapanda, za kulia zinashuka. Ukiacha zile za kushoto zikufikishe mwisho wa juu, umekufa, na za kulia zikikufikisha mwisho wa chini vilevile. Seremala akianguka zaidi kidogo ya kimo chake mwenyewe anakufa hata kama ameangukia miguu, na hili ndilo linalowaua wengi wanaotoka kwenye gemu za siku hizi ambamo mtu anaruka kutoka ghorofani akaendelea kukimbia. Kwa hiyo toka kwenye lifti mhimili ukiwa sawa na miguu yako. Kushuka, shuka karibu.

Springi. Zinatoka kushoto aliko sokwe, zinadunda kwenye mhimili wa juu kuelekea kulia, halafu zinaporomoka wima upande wa kulia. Mambo 2 hayabadiliki. La kwanza, mstari zinapoporomokea ni ule ule, hivyo unapopanda ngazi za kulia jua mstari huo uko wapi na usikae juu yake. La pili, kila springi ikishaanza kudunda, urefu wa mdundo wake ni ule ule mpaka mwisho. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia. Basi usiitazame springi iliyo karibu nawe, hiyo imechelewa. Tazama mdundo wa kwanza kabisa, kule kushoto kando ya sokwe. Ukiona mdundo huo umegusa wapi, umekwisha kujua itagusa wapi mbele yako. Kwenye mhimili huo wa juu pana mahali ambapo seremala akisimama springi inampitia juu ya kichwa katikati ya midundo. Patafute. Fika hapo, simama, subiri springi inayoanzia mahali panapokufaa, kisha kimbia moja kwa moja hadi ngazi ya binti bila kugeuka. Anayegeuka katikati ya njia ndiye anayegongwa.

Kuhusu kuhifadhi mchezo, mimi siko upande wa wale wanaosema ni haramu. Hifadhi mwanzoni mwa steji ya lifti, ifanyie mazoezi hiyo peke yake jioni kadhaa, mpaka jicho lako liizoee midundo. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo. Kufika kwenye lifti ilibidi upite mapipa na ribiti kwanza, kila mara, na kila mara kwa pesa. Lakini ukishaizoea, futa, anza raundi ya kwanza na maisha yako 3, na upite kote kwa mfululizo mmoja. Nataka ulipate jambo hilo kwa sababu mchezo huu umejengwa juu yake. Hofu ya kupoteza kila kitu ulichojenga tangu mapipa ya kwanza ndiyo inayofanya mikono itetemeke pale juu, na ukimfikia binti mikono ikiwa inatetemeka, hapo ndipo gemu ya mwaka 1981 inapokuwa hai kuliko nyingi zilizotoka jana. Anayehifadhi kila hatua anaona picha zote na hilo halipati.

Kidokezo cha steji ya ribiti, kwa kuwa umesema unapita kwa taabu: ribiti ziko 8, na kila unapoing'oa moja inabaki tundu. Wale moto wanaokufukuza hawavuki tundu. Unaweza kujikatia chumba chako salama ukiwaacha upande wa pili. Usizing'oe ovyo kutoka chini kwenda juu. Angalia kwanza moto wako wapi.

Na steji ya saruji. Gemu ya televisheni ya miaka ya tisini iliyojaa Nairobi, zile za kaseti za manjano zenye majina ya gemu yanayojirudia, ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ya gemu ya nyumbani ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Donkey Kong ya Famicom ilikuwa miongoni mwa gemu 3 za kwanza za mashine hiyo, na ndani yake steji ya saruji haimo. Imebaki mapipa, lifti na ribiti. Kwa hiyo watoto wako hawakuiona, wewe uliiona mjini. Tena jikumbushe: iliwahi kuja mara tu baada ya mapipa? Mashine zilizopangwa kwa ajili ya Marekani zinaanza na mapipa na ribiti, saruji haitokei hadi raundi ya 3. Za Japani zinapitisha steji zote 4 kwa mfululizo tangu raundi ya kwanza, saruji ikiwa ya pili. Gemu iliyo kwenye Switch, iliyotolewa mwaka 2018, ina matoleo ya Kijapani na ya kimataifa kwenye menyu. Chagua la Kijapani, upite mapipa, uitazame saruji yako. Mwonyeshe na kaka yako kama bado mnatembeleana.

SWALI: Mzee Fundi, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kahawa West. Nimeona video ya mchezaji wa Donkey Kong aliyefika raundi ya 22, halafu seremala akafa ghafla bila kuguswa na chochote. Wenzangu wanasema waliotengeneza waliweka hivyo ili mtu asishinde. Mwalimu wetu wa kompyuta amesema ni hitilafu. Nani yuko sawa?

JIBU: Mwalimu wako. Na hitilafu yenyewe unaweza kuihesabu kwa kalamu, ndiyo maana naipenda.

Seremala amekufa kwa sababu saa ya bonasi imeisha. Mashine hupanga saa hiyo hivi: inachukua namba ya raundi, inazidisha kwa 10, inajumlisha 40. Raundi ya 1 inatoa 50, na kwenye skrini unaona 5000. Raundi ya 2 inatoa 60, unaona 6000. Raundi ya 4 inatoa 80, unaona 8000. Hapo wameweka dari: jibu likizidi 80, lifanye 80. Kwa hiyo raundi ya 5, ya 10, ya 20, zote ni 8000.

Sasa, jibu hilo linawekwa kwenye baiti moja, yenye nafasi 8 za sifuri au moja. Namba kubwa inayoingia humo ni 255. Raundi ya 21 inatoa 250, inaingia. Raundi ya 22: 22 mara 10 ni 220, na 40 ni 260. Haingii. Baiti inajaa, inaanza upya kutoka sifuri, na kinachobaki ni 260 kutoa 256, yaani 4. Mashine inaikagua 4 kama imezidi 80, inaona haijazidi, inairuhusu ipite. Skrini inaonyesha 400 pale palipotakiwa 8000. Saa inateremka mia mia, na baada ya sekunde chache seremala hajafika popote.

Wachezaji hodari hupita alama milioni moja kabla ya kufika hapo, na wote wanajua kwamba njia inaishia pale. Kwa hiyo si kwamba hawashindi. Wanashindania alama watakazokusanya kabla ya ukuta huo. Pac-Man ya mwaka 1980 nayo ina ukuta wa aina hiyo hiyo, raundi ya 256, ambapo nusu ya skrini ya kulia inajaa herufi na takataka. Fanya hesabu ya 256 na baiti uone kwa nini, halafu umpelekee mwalimu. Nadhani atafurahi.

SWALI: Fundi, nina kinyozi Umoja. Klabu moja iliyofungwa inauza mashine ya gemu ya kusimama, ya mbao, skrini yake ile yenye mgongo mkubwa. Wanasema ndani kuna Donkey Kong lakini haijawashwa miaka mingi. Nataka wateja wacheze wakisubiri. Niinunue?

JIBU: Kijana wangu, inunue kama bei inavumilika na kama utafuata haya niliyoandika kwa mpangilio huu huu, kwa sababu la kwanza linahusu uhai wako.

Usiiwashe. Hata wakikuambia waichomeke uone, kataa. Mashine ya aina hiyo inaweza kuwa ilitoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Hapa stima yetu ni volti 240. Kama klabu ilikuwa na transfoma kando na imepotea, ukichomeka moja kwa moja utasikia mlio na kunusa harufu, na bodi imekwisha. Tafuta kibandiko cha volti nyuma ya mashine. Pia usifungue mgongo wa skrini mwenyewe. Bomba la picha linaweza kuweka umeme wa volti nyingi hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mafundi wa zamani wa televisheni pale Luthuli Avenue wanajua kuutoa umeme huo. Mlipe mmoja aje nawe.

Angalia mbao. Nyingi ni za maranda yaliyogandishwa, zikipata maji hufura na kuvunjika kama mkate, na mchwa hufanya mengine. Mbao zikiwa zimeoza chini, mafundi wa mabati na mbao wa Kamukunji wanaweza kukujengea kitako kipya, tena watakutengenezea na mlango wa sarafu wa chuma ukiwapelekea vipimo.

Halafu bodi. Usishangae ukikuta si ya Nintendo. Mwaka 1981 huo huo kampuni ya Falcon ya Japani ilitoa Crazy Kong, gemu ile ile kwa sura lakini kwenye bodi ya aina nyingine kabisa, na rangi na sauti zake ni tofauti. Ilisambaa nchi nyingi kuliko ilivyoruhusiwa. Inachezeka, na watu wengi walioapa kwamba walicheza Donkey Kong walicheza hiyo. Lakini thamani yake si sawa, na mtu anayekuuzia kwa jina la Donkey Kong lazima ashushe bei.

Na kama ndani mna gemu nyingine kabisa, usikate tamaa juu ya sanduku. Donkey Kong yenyewe ilizaliwa hivyo. Nintendo ilikuwa imepeleka Marekani mashine zipatazo 3000 za gemu iitwayo Radar Scope, na karibu 2000 zikakosa wanunuzi. Shigeru Miyamoto, kijana msanii ambaye hakuwa ameongoza gemu yoyote kabla ya hapo, akapewa kazi ya kubuni gemu mpya itakayoingia kwenye masanduku yale yale, akisimamiwa na Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo. Kule ghalani karibu na Seattle wakakaa kubadilisha bodi na kubandika picha mpya mashine moja baada ya nyingine. Mashine zilizokosa soko zikawa mashine zilizosakwa kila mahali. Nikilifikiria hilo huwa naona heshima ya kazi yetu sisi mafundi.

Ukishaiwasha, weka stabilaiza, maana stima ya Umoja inaruka. Na tundika ubao wa chaki ukutani kando yake. Donkey Kong haihifadhi alama umeme ukikatika, na wateja wako watakosana sana juu ya nani alikuwa wa kwanza kabla giza halijaingia. Weka joistiki ya pande 4 peke yake, kwa sababu nilizomweleza dada wa Buruburu hapo juu. Duka likikwambia ya pande 8 ni bora, wapishe.

Bodi ikishafunguliwa na fundi, ipige picha pande zote mbili. Ukiona neno Falcon popote, niandikie kabla hujatoa pesa.